Kwako Telesphori Masele, Uliyemtafuta Mtoto wa Karanga

"Hivi Mama Violeth, huyu mzee wako anatafuta nini kule relini kila siku? Kaangusha dhahabu?"

Jirani yetu Esta aliniuliza hivyo tukiwa bombani, wewe unapita ng'ambo na kofia mkononi, unahesabu mataruma kwa midomo. Nilimjibu kwamba unamtafuta mtu. Leo mwaka umetimia, Baba Violeth, tangu tulipokulaza pale makaburini Mwandutu, na mtu huyo amepatikana. Uliondoka bila kumwona. Ndiyo sababu kumbukumbu yako imekuwa ndefu kuliko za wengine, na kila atakayeisoma anivumilie.

Tuanze na mema, maana ni mengi.

Ulikuwa fundi baiskeli miaka arobaini, chini ya lile paa la mabati karibu na stesheni, na hukuwahi kumrudisha mwanafunzi kwa sababu hana kitu. Ulikuwa ukisema, "Kaa hapo mwanangu, tairi halijui ada." Kila treni ilipopita ulivua kofia. Ulipenda viazi vikavu vya michembe kwa karanga, ukachukia chai ya moto sana. Ulisali rozari ukiwa umefumba macho, mimi nikidhani umelala, nikiruka fumbo unanisahihisha. Hukuwahi kuninyanyulia mkono. Ulininyanyulia sauti mara moja tu, na hiyo mara moja nitaieleza, maana ndiyo inayoniuma.

Habari ya ajali unaijua kuliko mimi. Lakini wapo watakaosoma ambao si wa Mwandutu, kwa hiyo nairudia kama ulivyonisimulia mimi na watoto.

Treni zilikuwa zikisimama kwetu Mwandutu kabla ya kuingia Shinyanga mjini. Asubuhi ya Jumapili ya Matawi, mwaka 1971, baba yako Masele, mnyapara wa gengi la reli, alikuta mvua ya usiku imekula tuta. Reli zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Akakimbilia stesheni ili karani apige simu treni izuiwe. Akakuta mlango umefungwa. Barazani palikuwa na mtoto mmoja wa kike anauza karanga. Masele akamwambia, "Kimbia kanisani, kamwambie karani reli imekatika, aje apige simu." Siku ile nani hakuwa kanisani? Kisha akachukua bendera nyekundu, akarudi mbio kuikabili treni. Dereva aliiona bendera, lakini treni si punda, haisimami kwa kuvutwa kamba. Watu kumi na mmoja walikufa.

Walipokuja wakubwa kuuliza, karani Mwigulu aliapa kwamba alikuwa ofisini tangu alfajiri na hakuja mtu. Masele, akasema, alilewa akalala. Baba mkwe wangu, ambaye tangu abatizwe hakuonja hata togwa iliyochacha! Mtoto wa karanga hakuulizwa na mtu. Mlitolewa kwenye kota za reli na magodoro yenu juani. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, sawa na idadi ya waliokufa, na shuleni wenzako hawakukuacha usahau. Dada yako Serafina aliposwa mara mbili, na mara mbili watu waliposikia ni binti wa nani wakafuata ng'ombe wao. Masele alikufa miaka mitano baadaye, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Nilimtuma mtoto."

Hicho tu ndicho ulichokuwa ukikitafuta relini. Ulitaka mtu mmoja aseme kwamba Masele alimtuma mtoto, na mtoto akafika.

Uliandika majina ya wale kumi na mmoja kwenye kaunta buku, ukawatafuta ndugu zao mmoja mmoja. Ulikwenda kwa baiskeli mpaka Kagongwa kwa mzee Stanslaus, aliyekuwa msaidizi wa dereva siku ile, ukarudi umevimba miguu na uso unang'aa. Alikuambia, "Nilimwona mtu anakuja mbio na bendera, viatu vyake kavivua. Mlevi hakimbii hivyo." Ukaomba jalada la ajali, ukaambiwa mchwa wamelila. Ukacheka. Ukasema, "Mchwa nao wana masikio, wameanzia ukurasa wa baba."

Kisha bibi mmoja wa sokoni akakumbuka. Mtoto wa karanga alikuwa Ritha, binti wa Kabula. Mama yake alimchukua kwenda Geita mwaka ule ule, na ukubwani alisikika yuko Nyarugusu, kwenye dhahabu. Nakumbuka ulivyoingia ndani siku hiyo. Hukukaa. Ulizunguka meza.

Lakini miguu ilikuwa imeshakataa safari. Na hapo ndipo rafiki yako Sostenes alipojitolea.

Niseme Sostenes ni nani. Ni katekista wetu, sasa amestaafu. Ni baba wa ubatizo wa Violeth. Ndiye aliyesimama nawe siku ya ndoa yetu. Kila Alhamisi alikuja, mkakaa barazani na ile kaunta buku, yeye akiandika kwa sababu mwandiko wake ni mzuri. Ile Jumapili ya ajali alikuwa kijana wa miaka ishirini, ndiye aliyepanga mistari ya maandamano ya matawi. Alipenda kusema, "Mimi sikuona kitu, nilikuwa kwa Bwana." Ulimuuliza mara nyingi kama karani Mwigulu alikuwepo kanisani. Akakujibu, "Watu walikuwa wengi, matawi yalikuwa mengi, ningemwonaje?"

Basi akaenda Nyarugusu kwa niaba yako, mwaka 2018. Ulimwazima koti lako la mvua. Alirudi siku ya tatu, akavua kofia mlangoni, akasema, "Pole ndugu yangu. Ritha alifukiwa na shimo miaka mingi iliyopita. Nimeliona kaburi, halina hata msalaba."

Ulilia mbele yangu, Baba Violeth. Kwa mara ya pili ulimlilia mtu wa ajali ile. Na Novemba ilipofika, mwezi wa marehemu, ukamwambia Sostenes aongeze jina lake kwenye orodha yetu ya kanisani, baada ya wale kumi na mmoja na baada ya Masele. Akaliandika kwa mwandiko wake mzuri: Ritha wa Kabula. Kila Novemba likasomwa, na sisi sote tukapiga magoti.

Mimi darasa langu ni la saba, lakini macho sikusomea shuleni. Niliona kwamba koti limerudi safi, na Nyarugusu ni vumbi na tope. Niliona kwamba kila ukitaja kwenda mwenyewe kuliona kaburi, yeye ana sababu: mara barabara mbovu, mara ndugu za Ritha wamehama. Nikakuambia jioni moja tunapepeta mchele, "Baba Violeth, mbona kila ukikaribia mlango, Sostenes ndiye anayekuambia hakuna nyumba?"

Ndiyo ile siku uliyoninyanyulia sauti. "Jenifa! Unamsingizia mtu wa Mungu? Yule amembeba mwanangu kwenye maji ya ubatizo!"

Nikasema, "Hata Yuda alikuwa na kiti mezani."

Ulitoka ukaenda kukaa na baiskeli zako mpaka giza. Nikakuomba radhi, ukapokea, na mimi nikafunga mdomo miaka sita. Hilo nalo ni kosa langu, na wewe nakudai lako. Ulimwamini yeye kuliko mimi niliyelala ubavuni mwako. Nakupenda, nakuombea kila siku, lakini hilo limeniuma na nitalisema hapa hapa, kwa kuwa tukikutana mbinguni nadhani tutakuwa na mengine ya kuzungumza.

Ulipokuwa kitandani wiki ya mwisho ulinishika mkono ukasema, "Mkalitafute kaburi la yule mtoto. Muweke msalaba. Ndiye peke yake aliyejua kwamba baba yangu hakulala."

Nilikaa eda ya moyo wangu, nikavua nguo nyeusi, na mwezi wa Mei nikaenda. Mkwe wetu Onesmo siku hizi anauza vipuri Nyarugusu. Alikuwa ameagiza msalaba wa chuma, umepakwa rangi nyeupe, tumeuacha bila jina tukisubiri kuuliza tarehe. Tukauliza kwa wazee wa pale, kwa wachimbaji, kwa akina mama wanaoponda mawe. Tukaelekezwa kwenye kibanda cha chakula karibu na mashine za kusagia mawe. Palikuwa na mama mnene, kitambaa chekundu kichwani, anageuza chapati.

"Mwangaluka mayu," nikamwamkia kikwetu, kisha nikasema, "Shikamoo dada."

"Marahaba. Chai au supu?"

"Tutakunywa chai. Ila tunatafuta kaburi. La Ritha, binti wa Kabula, wa Mwandutu kule Shinyanga."

Akaacha chapati ikaungua. "Nani kasema amekufa?"

"Alifukiwa na shimo, zamani."

"Wewe mama," akasema, "kaa chini. Umelifikia kaburi. Na leo kaburi lina chapati za moto."

Onesmo aliuweka ule msalaba nyuma ya benchi haraka haraka, lakini mama yule alikuwa ameshauona. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Umeniletea na msalaba! Basi kama nimekufa, mmeniombea miaka mingapi?"

"Novemba saba."

"Ndiyo maana! Mwaka juzi duara la wachimbaji la nyuma hapa liliporomoka, mimi ndiyo nimetoka tu kuchukua vyombo. Kumbe kuna watu Shinyanga wamepiga magoti. Sala haipotei, mama, hata ikikosea anwani."

Mimi sikucheka. Nikamuuliza kama kuna mtu aliwahi kufika kumuuliza habari za ajali.

"Alifika mzee mmoja, ana koti zuri la mvua. Akala ugali kwa dagaa. Akajitambulisha, Sostenes. Kabla hajamaliza jina nikamwambia nakujua, ungekuwa na kanzu nyeupe ningekujua zaidi. Akaniuliza kama nakumbuka ile Jumapili. Nikamwambia kila kitu. Akanipa kitenge, akasema yule mtoto wa Masele aliyekuwa akiulizia mambo haya amekwisha kufa, na watoto hakuacha, kwa hiyo tuwaachie marehemu mambo yao."

Baba Violeth, mwaka ule ulikuwa mzima, umekaa barazani unamsubiri. Kwako alimuua Ritha, kwa Ritha akakuua wewe, na watoto wako wawili akawafuta. Kisha akarudi kula kwangu kila Alhamisi.

Nikamwomba Ritha anisimulie hicho "kila kitu". Alisimulia amesimama, mwiko mkononi.

"Masele alinituma nikakimbia. Karanga niliziacha, kuku wamezila, mama alinichapa. Nilifika kanisani sina pumzi. Maandamano yanazunguka uwanja, wanaimba. Karani yuko mstari wa tatu, namwona kwa macho yangu, na tawi lake. Nikataka kupita, kijana mwenye kanzu nyeupe akanishika bega. Nikamwambia namtaka karani, reli imekatika. Akasema, 'Mtoto, huwezi kukatisha maandamano ya Bwana. Kaa hapo kwenye ngazi, yakiisha utamwona.' Nikakaa. Nina miaka kumi na miwili, mtu mzima wa kanisa amesema kaa, utafanyaje? Nilikuwa bado nimekaa niliposikia kishindo."

Naandika kwa haki. Sostenes hakukusudia watu wafe. Alikuwa kijana, alitaka mistari inyooke mbele ya padri, akadhani reli inaweza kusubiri nyimbo mbili. Jambo hilo mtu anaweza kulifanya na Mungu akalisamehe jioni ile ile. Lakini wakubwa walipokuja kuuliza, alinyamaza. Mlipotolewa kwenye kota, alinyamaza. Ng'ombe wa mahari ya Serafina waliporudishwa, yeye alikuwa ameshakuwa katekista, anafundisha amri ya nane, usiseme uongo. Alikaa nawe Alhamisi zaidi ya elfu moja, akishika kalamu, akijua jibu la kila swali uliloliandika. Hilo si kosa la ujana.

Tangu nirudi, nikisali Baba Yetu nafika kwenye "utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe", na hapo ulimi unakwama. Nimemweleza padri kwenye kitubio. Akaniambia niombe neema. Naomba. Bado haijafika, na sitadanganya kwenye kumbukumbu yako kwamba imefika.

Sikumtangaza Sostenes sokoni. Nilimwalika. Alhamisi iliyopita jumuiya yetu ilikutana nyumbani kuandaa misa yako, na Ritha alikuwa jikoni tangu asubuhi, amekuja na basi. Sostenes alifika kwa wakati kama kawaida, ameshika fimbo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Katekista. Karibu."

Akakaa kwenye kiti chako. Akasema, "Mama Violeth, mwaka umekimbia. Na wewe umetulia, hongera, wajane wengine huwa wanahangaika."

"Neema ya Mungu," nikasema. Nikampa kaunta buku. "Leo tusomee majina, kama ulivyokuwa ukimsomea mwenzako. Tumalize na la kwake."

Akavaa miwani. Sauti yake bado nzuri, sitamnyima. Akasoma wale kumi na mmoja, na kila jina tukaitikia, "Apumzike kwa amani." Akasoma Masele, tukaitikia. Serafina aliitikia peke yake mara ya pili, kwa sauti ya chini.

Kisha akasoma, "Ritha wa Kabula."

Nilikuwa nimewaonya wanangu, kwa hiyo wao hawakuitikia. Wanajumuiya wengine walianza, wakaona wako peke yao, wakaacha.

"Abee," Ritha akajibu kutoka jikoni. Akatoka na birika la chai, akalitua mezani mbele yake, taratibu, akapiga goti kidogo kama mwanamke wa Kisukuma anavyomwamkia mkubwa. "Shikamoo Katekista. Umeniita."

Mwenyekiti wa jumuiya, mzee Thobias, akauliza, "Huyu ni nani?" Ritha akaanza kusema mwenyewe. Alisema yote kama alivyoniambia Nyarugusu, bila kupandisha sauti: mlango uliofungwa, bendera, mstari wa tatu, mkono begani. Alipofika kwenye ugali na koti lako la mvua, mke wa Thobias alijifunika uso kwa kanga.

Nikasema, "Katekista, sikuiti mahakamani. Nataka neno moja mbele ya hawa. Masele alimtuma mtoto, na mtoto alifika. Ni kweli au si kweli?"

Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Serafina akasogea mbele kwenye mkeka. Unamjua dada yako, hasemi. Akasema, "Sostenes, mimi sina haja ya kukutukana. Nina miaka sitini na tisa. Sema tu ndiyo, nimsikie mtu akisema, kisha tunywe chai."

Tulisubiri. Nitakuambia ukweli, mume wangu: kama angesema ndiyo, nadhani ulimi wangu ungefunguka pale pale. Nilikuwa nimemtengea kikombe.

Aliinuka. Akaweka kaunta buku juu ya kiti, akatafuta fimbo yake kwa mkono bila kututazama, akatoka nje.

Basi neno ulilolitafuta lisikie kwa Ritha, Baba Violeth. Atalisimulia mwenyewe Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi kanisani Mwandutu, na padri amemruhusu. Nia ya misa imeandikwa majina mawili, la kwako na la baba yako Masele, mnyapara wa gengi, aliyevua viatu ili akimbie. Aliyekuwa kwenye treni ile, au aliyepoteza mtu, tunamwomba aje.

Wanaokukumbuka ndio wale waliokuwa sebuleni wakimwangalia Sostenes akiondoka: mimi mkeo Jenifa, dada yako Serafina, wanao Violeth na Agapiti, mkweo Onesmo, wajukuu zako Evelina na Nestory, na Ritha wa Kabula, aliyekuja kukupa pole akiwa hai.

Siku zote tutakazopewa, tutakutaja.